Siku Mama Mkwe Alipokanyaga Tairi Langu

Siku nilipokabidhi funguo za ofisi, vijana wa idara ya mifugo walinipa saa ya ukutani na kuniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nadhani walitaka mawaidha. Saa ninayo na inatembea vizuri, mawaidha sina. Nilicho nacho ni mambo niliyoyafanya vibaya na bado kazi ikaenda, na kwa kuwa sasa sina bosi wa kunikataza, nitayasema. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kama mvua za Shinyanga, wingu kubwa na matone machache. Mshahara nao mnaujua, kwa kuwa nanyi mnapokea huohuo.

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana wa Shinyanga mjini, mtoto wa fundi cherehani. Watu wakisikia jina langu la Kisukuma hudhani nilizaliwa zizini. Ukweli ni kwamba ng'ombe nilikuwa nikiwaona wakipita barabarani kwenda mnadani, nami nimesimama ng'ambo ya mtaro. Chuoni nilifaulu kwa sababu ng'ombe wa kwenye mitihani hawana pembe.

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye josho nje ya mji. Kazi yangu ilikuwa kusimama ukingoni na fimbo yenye panda, nizamishe vichwa vya ng'ombe wanapoogelea ili dawa ifike masikioni, ambako kupe hupenda kujificha. Nilikuwa nimevaa viatu vilivyopigwa rangi. Dume la kwanza liliporuka ndani, dawa ilirushwa juu, nikaruka pembeni kuokoa viatu, nikateleza kwenye saruji iliyolowa. Niliogelea katikati ya dume na mtamba hadi upande wa kutokea, nikapanda ngazi pamoja nao na kusimama kwenye uwanja wa kuchuruzikia, kama utaratibu unavyotaka.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Shabani, mtu wa pwani aliyekuja bara na reli akiwa kijana na hakurudi tena. Alinitazama nikichuruzika, kisha akamgeukia mwenye mifugo. "Huyu wa mwisho ni wa serikali," alimwambia, "usije ukamchanganya na wako." Kwangu akasema kitu kimoja tu, kwamba angalau kupe sitakuwa nao. Nilimpenda tangu siku ile, kwa sababu hakucheka mpaka nilipogeuka.

Mzee Shabani ndiye aliyenifundisha kushika koleo la kuhasia, lile tuliloliita burdizo. Wale mliokuja juzi mnalijua, lakini nitalieleza kwa ajili ya wake zenu wasiolijua. Ni koleo kubwa lenye mikono mirefu na meno butu. Ukilibana vizuri, linasaga mishipa ndani ya ngozi na ngozi yenyewe haichubuki. Dume linainuka, linajikung'uta, linakwenda kula majani na halijui kwamba maisha yake yamebadilika. Nililimudu koleo lile kuliko kifaa kingine chochote, na hapo ndipo penye mzizi wa aibu nitakayoieleza.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kagongwa, nikapewa pikipiki ya idara. Mzee Shabani alikuja kunikabidhi yeye mwenyewe, na njiani tairi la nyuma lilichomwa na mwiba wa mgunga. Aliona hiyo ni bahati. Akaligeuza gurudumu kwenye kivuli cha ukuta, akakunja suruali, akaanza kunifundisha. Tairi, alisema, lina kingo mbili ngumu zenye waya ndani yake, na katikati ya ringi pana bonde. Ukitaka ukingo upande wa huku, wa kule lazima uwe umelala bondeni. Paka maji ya sabuni. Anzia mbali na valvu, malizia kwenye valvu. Mpira wa ndani utie upepo kidogo usije ukabanwa. "Na tairi halitaki nguvu," alisema, akiwa amesimama juu yake na kuzunguka taratibu kama mtu anayeshindilia udongo wa sakafu. "Linataka uzito. Kanyaga, usivute."

Muda wote huo mimi nilimshikia kopo la maji ya sabuni. Aliponiuliza kama nimeelewa, nilisema nimeelewa. Kushika kopo nilikuwa nimeelewa kabisa.

Kagongwa palikuwa na fundi, kwa hiyo muda wote niliokaa huko sikulitoa tairi hata mara moja. Nilisimama kando ya fundi nikiwa nimeweka mikono nyuma, nikimwambia kanyaga, usivute. Neno lile nililirudia mbele ya watu wengi, nyumbani, ofisini, hata harusini, mpaka wakaanza kuniona mjuzi wa matairi. Mtu akisifiwa kwa kitu asichokijua kwa muda mrefu, naye huanza kuamini. Niliamini.

Katikati ya miaka ya sabini nilipelekwa Nyarugusu. Huko watu walichimba dhahabu, na mimi nilitumwa kwa ajili ya ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wakihamia na mifugo yao kutafuta malisho. Ndiko nilikooa. Mke wangu alikuwa binti wa wafugaji hao, na alipojifungua mapacha, yeye akawa Mama Kulwa na mimi Baba Kulwa, na Doto akabaki analalamika hadi leo kwamba jina lake halitumiki.

Nilipotoa ng'ombe wa mahari kwao, ndipo nilipoanza kuijua desturi ya ukwe kwa vitendo. Mwanaume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukwepana. Akija njia hii, wewe unachepuka. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamli pamoja, na neno likiwapo linapita kwa mtu wa tatu. Kwa miaka yote ile mama mkwe wangu nilimjua kwa khanga zake na kwa sauti yake nyuma ya ukuta. Alikuwa mama mkubwa wa mwili na sauti yake ilikuwa nzito, na mimi nilimwogopa sawasawa na desturi inavyotaka, pengine na zaidi.

Baba mkwe wangu alikuwa amekwisha kufariki. Wale ng'ombe niliowatoa mimi ndio waliojaza zizi la mjane wake, wao na watoto wao, na kila mtu alijua wanamngoja nani. Walimngoja shemeji yangu Masanja. Alikuwa amechumbia, wazee wa binti walikuwa wamewatembelea ng'ombe wale na kuridhika nao, na ilikubalika kwamba baada ya mavuno wangehama kwenda kwao. Ng'ombe wakifa, hapana harusi, na mama mkwe anabaki na zizi tupu na kijana asiye na mke. Hilo mliweke kichwani, kwa sababu mimi asubuhi ile sikuwa nimeliweka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, wakati kila kitu kiliadimika. Tairi la nyuma la pikipiki yangu lilikuwa limekwisha hadi likaonyesha nyuzi, na nilikuwa nimeomba jipya kwa muda mrefu mpaka nikaacha kuamini kwamba matairi bado yanatengenezwa. Kisha siku moja lori lililotoka Geita lilishusha vitu viwili mbele ya nyumba yangu, sanduku la chanjo lenye barafu na tairi jipya lililofungwa karatasi. Nililinusa. Msicheke, lilikuwa na harufu nzuri.

Asubuhi yake nilivua shati, nikatandika gunia katikati ya ua, nikatangaza kwamba leo nabadilisha tairi. Mama Kulwa aliuliza kama si bora nimwite yule fundi baiskeli wa sokoni. Nilimjibu kwamba huyo ni fundi wa baiskeli. "Na wewe ni fundi wa nini?" aliuliza. Nikaanza kulifungua gurudumu.

Kulitoa tairi la zamani kulikwenda vizuri, kwa sababu lilikuwa limechoka na halikuwa na ubishi. Jipya lilikuwa na ubishi. Lilikuwa gumu na kavu, na kila nilipoushindilia ukingo upande mmoja, wa pili uliruka. Nikaomba sabuni. Mama Kulwa akasema kipande kilichobaki ndani ya nyumba hii ni cha kuogeshea mapacha, na tairi halijamzaa yeye. Nikaendelea bila sabuni.

Vyuma vya kubandulia tairi nilikuwa na viwili, na kimoja nilikuwa nimekipoteza, maana yake nilikuwa na kimoja. Cha pili nilikitafuta jikoni. Mwiko wa ugali wa Mama Kulwa ulikuwa wa mti mgumu, alikuja nao kutoka kwao siku ya harusi. Ulivunjika mara moja, bila hata kupinda kwanza. Nikavificha vipande chini ya gunia.

Kwa kuwa gurudumu lilikuwa likizunguka, nililifanyia ninavyomfanyia dume asiyetulia. Nilileta kamba, nikalifunga miguu minne ambayo halikuwa nayo, nikalikaza kwenye nguzo ya ua. Jirani yangu, mchimbaji aliyekuwa akienda shimoni, alisimama na sururu yake begani akatazama kwa muda. "Bwana mifugo," alisema, "hapo hata ukichimba mpaka jioni hutoki na kitu." Nikamwambia aende zake, dhahabu itapoa.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na wakati ule niliona ni wazo zuri. Tatizo lilikuwa ukingo kuruka. Kama kungekuwa na kitu cha kuubana mahali pamoja wakati nikihangaika kwingine, kazi ingekwisha. Kitu cha kubana nilikuwa nacho. Nikaleta burdizo, nikaliweka ukingoni, nikabana kwa ujuzi wangu wote. Lilishika vizuri sana. Nikahamisha, nikabana tena, nikapiga goti moja juu ya tairi, mkono mmoja kwenye koleo, mwingine kwenye chuma, jasho likiingia machoni, na nusu ya ukingo ikawa imeingia. Nilijisikia fundi. Ndipo nikasikia sauti nje ya ua.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ile nzito. Mkwe akifika, mwanaume anapaswa kuvaa na kuondoka mbele yake. Mimi nilikuwa kifua wazi, goti juu ya tairi na koleo la kuhasia mkononi. Nikiinuka, ukingo unaruka na asubuhi yote inapotea. Nisipoinuka, namvunjia heshima mama wa mke wangu. Nilifanya lililokuwa karibu. Nililivuta gunia kutoka chini ya mguu wangu wa pili, nikajifunika nalo kichwani, na vipande vya mwiko vikabaki peupe.

Mama Kulwa alitoka mbio, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Wangaluka, mayu. Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Ng'ombe wanakufa," alisema mama mkwe. Alikuwa amesimama langoni, ametugeuzia mgongo, akitazama barabarani. "Mwambie Baba Kulwa, jana mtamba alikuwa akichechemea. Paja limevimba, ukilibonyeza linachakarika kama karatasi ndani. Alfajiri amekufa. Mwingine ameanza."

Sikuhitaji kusimuliwa zaidi. Uvimbe unaochakarika ni ugonjwa wa chambavu, na chambavu huwafuata wale wadogo walionona, wale hasa ambao baba wa binti huwatazama kwanza. Wanaopona ni waliochanjwa kabla haijawafikia. Na chanjo ilikuwa ndani ya nyumba yangu, barafu inayeyuka.

"Mwambie mama hiyo ni chambavu," nilisema ndani ya gunia, "na chanjo ninayo."

"Mwambie basi aondoke sasa hivi."

"Mwambie siwezi, natengeneza tairi."

Mama mkwe alikuwa amegeuza kichwa kidogo tu, kiasi ambacho desturi inaweza kusamehe. "Mwambie," alisema, "hilo tairi amelifunga kamba kwa nini?"

"Mwambie lilikuwa linazunguka."

"Na huo ni mwiko wangu niliompa mwanangu?"

Mama Kulwa hakuhitaji kunifikishia hilo. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anauona. Nilitamani gunia lingekuwa refu zaidi.

Nikajaribu kumaliza haraka. Nilikivuta chuma kwa nguvu zote, kikaniponyoka, ukingo ukarudi na kunibana kidole gumba dhidi ya ringi. Nilitoa sauti ambayo sikuipangia. Mama mkwe hakugeuka, lakini khanga begani mwake ilitikisika. Mke wangu alinitoa kidole, akakifunga kitambaa, na damu ikapita kitambaani. Nilimwambia, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokuwa nalijua, kwamba tairi linataka uzito, na mimi peke yangu sitoshi. Mama Kulwa alipanda upande mmoja. Alikuwa mwembamba wakati ule, tairi halikumhisi.

"Mwambie atazame chini," alisema mama mkwe.

Nilitazama chini. Niliona miguu yake ikija kinyumenyume, kisigino mbele, khanga moja ameivuta kichwani hadi usoni na nyingine ameikaza kiunoni. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo cha samli, maana hata siku ya msiba wa ng'ombe hakuja kwa bintiye mikono mitupu. Alimpa Mama Kulwa kile kibuyu bila kugeuka. "Kama sabuni hakuna, lipakeni hii."

Tukapaka samli ukingo mzima. Kisha yule mama, mgongo kwangu, uso wake kwenye nguzo ya ua, akapanda juu ya tairi langu kwa miguu miwili. Nikasikia ukingo unashuka bondeni. Nikagusa tu kwa chuma, na upande wa pili ukaingia wenyewe. Mambo ya asubuhi nzima yalikwisha kabla sijavuta pumzi.

Nikaleta pampu. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Upepo uliingia huku na kutoka kule, na tairi lilizomea polepole mbele ya mke wangu na mama yake. Nilijua mara moja. Burdizo limetengenezwa kwa kazi moja, kusaga kilicho ndani bila kuchuna ngozi. Tairi kwa nje halikuwa na alama hata moja. Mpira wa ndani ulikuwa umesagwa kwa ujuzi wangu wote, na wa akiba nilishawagawia watu wafungie mizigo.

Mama mkwe aliliona lile koleo hapo chini. Wafugaji wanalijua. Alisema taratibu, "Mwambie Baba Kulwa lile koleo awaachie madume."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka wakati ule, ila nilitambua kwamba nyuma ya khanga ile kulikuwa na mtu, na mtu huyo ng'ombe wake walikuwa wakifa huku akinifanyia mzaha ili nisikate tamaa. Nikautoa mpira, nikausugua, nikaupaka solusheni, nikabandika kiraka na kusubiri kikauke. Nikautia upepo kidogo kabla ya kuurudisha, kama Mzee Shabani alivyosema. Nikaanzia mbali na valvu. Na mama mkwe akapanda tena kinyumenyume, samli ikang'aa kwenye visigino vyake, nami sikuvuta hata mara moja.

Ikabaki safari. Ng'ombe walikuwa wametolewa zizini na kupelekwa malisho ya mbali bondeni, Masanja akiwa nao, na njia ya huko aliijua mama mkwe peke yake kati yetu. Mama Kulwa alikuwa na mapacha wa kunyonyesha. Hapakuwa na jinsi nyingine. Nilifunga sanduku la chanjo nyuma yangu likawa ukuta, na mama mkwe akaketi nyuma ya sanduku, amegeukia tulikotoka, ameshika keria kwa mikono yote miwili. Watu wa Nyarugusu walitoka madukani kutuangalia. Jirani yangu mchimbaji, aliyekuwa akirudi, alivua kofia.

Sasa mtu wa tatu wa kutupitishia maneno hatukuwa naye. Tulikwenda kimya hadi njia panda ya kwanza, nikapunguza mwendo, sijui pa kushika. Ndipo nikasikia sauti nyuma ya sanduku.

"Wewe pikipiki," alisema mama mkwe, "mwambie mwenye wewe tulitakiwa kukata kulia kwenye ule mkuyu."

Kwa kuwa alitazama nyuma, kila alama aliiona baada ya kuipita. Tuliupita mkuyu tukarudi. Tulikipita kichuguu tukarudi. "Pikipiki, mwambie ni pale tulipokuwa." Na mimi nikajibu, kwa adabu zote, "Pikipiki, mwambie mama nimesikia." Nilikuwa na hofu ya kweli, nikiwaza wale ng'ombe na Masanja, na bado kwenye kichuguu cha tatu nilisikia sanduku linatetemeka na nikajua anacheka. Kiraka kilishika njia nzima.

Tulichanja mpaka jua likazama. Walioanza kuvimba niliwapiga penisilini, na baadhi yao hata hivyo tuliwapoteza, na mama mkwe alikaa kando ya kila mmoja hadi mwisho. Lakini wengi walibaki. Baada ya mavuno walihama kwenda kwa wazee wa binti, wakinenepa, na Masanja akaoa. Harusini niliketi na wakwe wa kiume, mbali na wanawake kama inavyotakiwa. Mtu mmoja aliniuliza tairi hubadilishwaje. Nilimwambia sijui.

Lile tairi la zamani mama mkwe aliliomba kupitia kwa bintiye. Nilidhani ni la kukatia viatu vya makatambuga. Kumbe alilining'iniza kwenye nguzo ya lango la zizi. Na pikipiki ilipoharibika na idara kuichukua, nikaanza kumtembelea kwa baiskeli, ndipo nilipojua faida ya tairi lile. Nilikaa kwenye gogo langoni, na kutoka nyuma ya ukuta sauti ikasema, "Wewe tairi, muulize kama mapacha hawajambo." Nilimweleza tairi kwamba siku hizi nina baiskeli, mama aseme na hiyo. Akajibu kwamba baiskeli haimjui.

Tukazungumza hivyo kwa miaka. Tairi lilijua habari zetu zote, mvua, watoto, uhamisho wangu, maumivu ya magoti yake. Mambo mengine ya kazi yangu nilimweleza tairi lile ambayo sikuwahi kumweleza mkuu yeyote, nikijua nani anasikiliza.

Mwishoni mwa miaka ya themanini aliugua na hakuinuka. Tulipofika nyumba ilikuwa imejaa, nami nikaenda kukaa kwenye gogo langu langoni. Baadaye Mama Kulwa alitoka, macho mekundu. Alisema mama anataka tairi liletwe mlangoni. Nililitungua, nikalibeba, nikaliegemeza kwenye mwimo wa mlango na kusimama pembeni ambapo hawezi kuniona.

"Tairi," alisema sauti ya ndani. Haikuwa nzito tena. "Nimechoka kukutuma. Mwambie mwanangu aingie mwenyewe."

Alikuwa ananiita mimi. Nilimtazama Masanja, akatikisa kichwa kukubali. Niliinama kuingia na bado nikagonga kichwa kwenye mlango, sikuwahi kuupita. Nilipiga magoti kando ya kitanda, naye akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe, bila haraka. Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Aliugeuza mpaka akakiona kidole gumba, ambacho ukucha wake uliota vibaya na hadi leo uko hivyo.

"Siku ile nilikusikia ukilia," alisema. "Nilitaka kugeuka nikushike."

Nilimwambia sikulia, nilipiga kelele tu. Alicheka kidogo, na mkono hakuuachia hadi alipolala. Tairi tulilisahau palepale mlangoni.